Ukifika mji mdogo Marekani anza na korti: jinsi ya kuitembelea na kuisoma

Watu wengi wakisafiri kwa gari Marekani wanapita miji midogo bila hata kugeuza shingo, wanajaza mafuta, wanakula, wanasepa. Mi nakwambia hivi, ukiona mnara wenye saa umechomoza juu ya miti kata kona uingie, maana hiyo ni korti ya kaunti na mji wote umejipanga kuizunguka, na ukiwa na saa moja na nusu tu utaujua huo mji kuliko mtu aliyelala hotelini siku tatu. Shida ni kwamba wengi wakifika wanapiga selfi nje wanaondoka, kumbe mambo yenyewe yako ndani, na ndani panaingilika, hamna kiingilio, hamna kuandika barua ya kuomba kibali.

Kwanza elewa kitu kimoja. Kaunti kule ni kama wilaya hivi, ziko zaidi ya 3,000 nchi nzima, Texas peke yake ina 254 na Georgia 159, na Louisiana wao kwa sababu ya historia ya Wakatoliki wanaziita parokia. Karibu kila moja ina mji wa makao makuu na korti iko hapo. Ila neno korti linadanganya kidogo, kwa sababu lile jengo halikujengwa kwa ajili ya kesi tu, humo humo watu walisajili ndoa, wakalipa kodi ya ardhi, wakaandikisha mashamba, wakapeleka wosia wa marehemu, na sherifu naye alikuwa na ofisi yake humo. Kwa hiyo mji ukipata korti umepata riziki: mawakili watakuja, hoteli itajaa, maduka yatafunguliwa pande zote nne. Mji ukiikosa, unaweza kufa kabisa. Kansas walifikia kupigana risasi kwa ajili ya hilo, Januari 1889 watu wa mji wa Ingalls walienda mji mpinzani wa Cimarron na bunduki kuchukua vitabu vya kaunti ya Gray, yani vita ya madaftari! Na leo makao makuu yako Cimarron.

Haya, sasa jinsi ya kuitembelea.

Nenda siku ya kazi. Hili nalisisitiza maana mimi mwenyewe nimeshaendesha masaa mawili na nusu nikafika Jumatatu nikakuta mlango umefungwa, kumbe ni sikukuu ya serikali, nikabaki nazunguka uwanjani kama mbuzi aliyepotea. Ofisi nyingi ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kaunti ndogo zinafunga saa sita kwa ajili ya chakula mpaka saa saba, na Ijumaa mchana usitegemee sana kumkuta mtu mwenye muda na wewe. Jumamosi utapata maduka na watu mtaani ila jengo limefungwa. Mi ningekuwa na uchaguzi ningeenda Jumanne au Jumatano asubuhi.

Kabla hujatoka garini toa mfukoni kisu kidogo, kile cha kwenye ufunguo hata, pamoja na kitu chochote chenye ncha, maana korti zinazosikiliza kesi siku hizi zina mashine ya kukagulia mlangoni na askari hatakutunzia vitu vyako, atakwambia rudisha kwenye gari. Kofia utaivua ukiingia chumba cha kesi. Na hii nadhani hamna kitabu cha safari kinaandika: humo ndani kuna choo cha wananchi, kisafi, bure. Kwa safari ndefu hiyo habari ina thamani yake.

Usiingie moja kwa moja lakini. Zunguka kwanza nje raundi nzima kwa miguu, tena upande wa ng'ambo ya barabara, kwenye maduka, ili uone jengo lote kuanzia chini mpaka juu. Angalia barabara zinaingiaje pale katikati. Kuna mpangilio unaitwa wa Shelbyville, kutokana na mji wa Shelbyville kule Tennessee, ambapo korti imekaa kwenye kiwanja chake katikati na barabara zinakutana kwenye kona nne, huo ndo utaukuta miji mingi ya kusini na magharibi ya kati. Hapo picha nzuri inapigwa kutoka kwenye kona, unapata pande mbili kwa mpigo. Sehemu zingine barabara kuu inakuja imenyooka moja kwa moja kwenye mlango wa korti, na hapo ni bora upige kutoka mbali, mtaa wa pili au wa tatu nyuma, ili ile barabara ikupeleke macho mpaka kwenye mnara.

Afu tafuta jiwe la msingi. Mara nyingi liko kona ya kaskazini mashariki, chini chini, wakati mwingine maua yamelifunika. Hapa naomba ndugu zangu msitimke, maana utakuta ile alama ya bikari na pembemraba, ndio, ya Freemason, na pengine mwaka umeandikwa 5894. Hamna mauzauza. Enzi hizo Wafrimasoni ndo walikuwa wanaalikwa kuweka mawe ya msingi ya majengo ya umma, mchana kweupe, bendi inapiga, watu wanakula, na kalenda yao inaongeza miaka 4,000 juu ya hii yetu, kwa hiyo 5894 ni 1894 tu. Kwenye jiwe hilo hilo utakuta majina ya jaji wa kaunti na madiwani waliokuwepo na mara nyingi jina la msanifu. Yapige picha, utayahitaji baadae ukiingia ndani.

Ukishapata mwaka, jengo linaanza kuongea. Zile za zamani kabisa za Virginia, kama ya King William ya mwaka 1725 hivi au ya Hanover ya karibu 1735, ni za matofali, fupi, zina matao mbele, hazina mnara wa kutisha wala nini, ukipita haraka unaweza kudhani ni nyumba ya mtu tajiri kidogo. Ya Chowan pale Edenton, North Carolina, ya 1767, nayo ni ya matofali, imetulia. Zinazofuata zina nguzo za Kigiriki mbele kama hekalu. Halafu inakuja miaka ya 1880 na 1890, reli imefika, pamba inalipa, na kila kaunti inataka kuonesha kwamba yenyewe sio kaunti ya kishamba, hapo ndo utaona minara, mapembe, paa za mtindo wa Paris, mawe ya rangi mbili. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini mji wa watu elfu chache una jengo kama kasri la mfalme, jibu ni hilo, walikuwa wanashindana na jirani. Sababu nyingine ni moto. Korti za mwanzo za mbao ziliungua sana, na zikiungua karatasi zote za ardhi zinaenda nazo, sasa hebu fikiria nchi ambayo kila mtu anadai shamba ni lake na daftari limekuwa majivu. Mawe hayakuwa mapambo peke yake.

Mfano mzuri ni Waxahachie, Texas, kama kilomita 50 kusini mwa Dallas. Korti ya kaunti ya Ellis pale ilimalizika 1897, msanifu ni James Riely Gordon aliyejenga korti nyingi sana jimbo lile, granaiti ya pinki chini, mawe mekundu juu, mnara kama wa hadithi. Sogea karibu na vibaraza uangalie vichwa vya nguzo, kuna sura za watu zimechongwa. Wenyeji watakwambia mchongaji alimpenda binti wa pale alipopanga, akaanza kumchonga mzuri kama malaika, binti akamkataa, basi sura zikawa zinazidi kuwa mbaya nguzo hadi nguzo. Hadithi tamu na utaisikia mara tatu kabla hujamaliza kuzunguka, ila wanahistoria hawaikubali, kwa hiyo isikilize, cheka, usiibebe kama ilivyo. Karibu kila korti ina hadithi yake ya hivi na raha yenyewe ni kulinganisha wanayosema na kinachoonekana kwenye jiwe.

Inua kichwa pia. Greensburg kule Indiana kuna mti umeota juu ya mnara wa korti, mti kweli, na tangu miaka ya 1870 pale juu hapajakosa mti, ukifa mmoja unakuwepo mwingine. Nimeshaona watu wanapaki hapo chini, wanaingia kununua kahawa, wanaondoka hawajui.

Kwenye majani sasa, yani ule uwanja unaozunguka jengo. Hapo usipite haraka. Utakuta mzinga wa zamani, benchi, majina ya waliokufa vitani, na kusini utakuta, au utakuta palipokuwa, sanamu ya askari wa Confederate, wale waliopigana kuulinda utumwa 1861 mpaka 1865. Inama uangalie mwaka kwenye kitako cha sanamu. Nyingi zitakwambia 1905, 1910, 1918 hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe, vita iliisha 1865, ya nini kuweka sanamu miaka 40 na zaidi baadae, tena mbele ya mlango wa mahakama? Ni wakati ule ule ambapo sheria za ubaguzi zilikuwa zimeshakaza na watu weusi wameshanyang'anywa kura, na mtu mweusi aliyekuja kudai haki yake ilibidi apite chini ya huyo askari kwanza. Sehemu kadhaa zimeondolewa, Denton kule Texas waliiondoa Juni 2020. Hata majina ya waliokufa vita ya kwanza ya dunia yasome yote mpaka chini, baadhi ya kaunti waliandika weusi kwenye orodha yao pembeni. Walikufa vita moja, jiwe likawatenga.

Ingia ndani. Mlangoni sema tu kwa heshima kwamba wewe ni mgeni, unapenda majengo ya zamani, unaweza kuona chumba kikubwa cha kesi? Sentensi hiyo inafungua milango ambayo huamini. Mara nyingi kiko ghorofa ya pili, na ngazi zenyewe ni za chuma au mbao zimelika katikati kwa miguu ya watu. Kama kuna kesi inaendelea unaweza kukaa nyuma usikilize, kesi nyingi ziko wazi kwa umma, ila zima simu kabisa, sio kuweka kimya, zima, na usipige picha mtu yeyote. Jaji akiingia simama. Kama hamna kesi angalia juu nyuma yako, kwenye korti nyingi za kusini kuna roshani, na mara nyingi hiyo ndo walikokuwa wanapandishwa weusi, zingine zimezibwa kwa ukuta au wamezifanya stoo, uliza.

Kuna vyumba viwili vya kesi ambavyo kama unapita maeneo hayo usikose.

Cha kwanza kiko Dayton, Tennessee, korti ya kaunti ya Rhea ya 1891. Julai 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa hapo kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe vya chini, William Jennings Bryan aliyegombea urais mara tatu akawa upande wa mashtaka, Clarence Darrow upande wa utetezi, redio ya Chicago ikarusha moja kwa moja. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba kesi yenyewe wakubwa wa mji waliipanga wakiwa wamekaa kwenye duka la dawa, walitaka mji wao ujulikane biashara ichangamke! Joto likawa kali na watu wengi mpaka jaji siku moja akahamishia kesi nje kwenye majani, alihofia sakafu itawaangukia walio chini. Scopes akapigwa faini ya dola 100, 1927 mahakama kuu ya jimbo ikaifuta kwa kosa la utaratibu. Chumba bado kipo, chini kuna makumbusho, na pale nje kuna sanamu za wote wawili, ya Bryan iliwekwa 2005 na ya Darrow ikaja kusubiri mpaka 2017. Hiyo miaka 12 katikati inaongea yenyewe.

Cha pili ni Sumner, Mississippi, kaunti ya Tallahatchie, ambayo kituko chake ina makao makuu mawili, Sumner na Charleston. Hapa nenda na moyo mwingine. Septemba 1955 wanaume wawili weupe walishtakiwa hapo kwa kumuua Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuja kuwatembelea ndugu zake. Juri, yani raia wanaoamua kesi, walikuwa wanaume 12 weupe watupu, waandishi wa habari weusi wakapewa meza ya kuchezea karata pembeni, mama yake mtoto, Mamie Till, akapanda kutoa ushahidi. Juri ilichukua kama dakika 67 kusema hawana hatia. Miezi michache baadae wale watu wakakiri wenyewe kwenye jarida, na hawakuweza kushtakiwa tena. Chumba kimerudishwa kama kilivyokuwa 1955, viti, meza, vyote, na Oktoba 2007 wenyeji walisimama mbele ya hilo jengo wakasoma tamko la majuto kwa familia. Tangu Julai 2023 korti hiyo ni sehemu ya eneo la kumbukumbu la kitaifa la Emmett Till na mama yake. Usijipeleke tu juu, anzia kwenye kituo cha kumbukumbu kilicho ng'ambo ya barabara, watakupa maelezo na kukwambia kama chumba kiko wazi siku hiyo, maana kesi bado zinasikilizwa humo.

Sasa sehemu ambayo mi naipenda kuliko zote na watalii wengi hawaijui kabisa. Ofisi ya karani wa kaunti. Utakuta chumba chenye mlango wa chuma kama wa benki, ndani kuna rafu na vitabu vikubwa, vizito, ukurasa mmoja upana wa mikono miwili. Humo kuna hati za ardhi, ndoa, wosia, na kwa kawaida mwananchi yeyote anaruhusiwa kuvifungua. Mwambie karani unatafuta kitu maalum, usiseme tu naangalia angalia, na hapa ndo yale majina uliyopiga picha kwenye jiwe la msingi yanafanya kazi: chagua moja, omba faharasa. Ziko mbili, ya wanaouza na ya wanaonunua, tafuta jina, utapewa namba ya kitabu na ukurasa, nenda kwenye rafu, kivute kwa mikono miwili maana kinaweza kukuvunja kidole cha mguu. Ndani ya dakika 20 unaweza kujua huyo diwani alinunua shamba gani, alimuoa nani, alikufa akaacha nini.

Na kusini, kwenye wosia na orodha za mali za kabla ya 1865, utawakuta watu. Wameandikwa kati ya ng'ombe na magodoro, jina moja tu, umri, bei kwa dola. Mara ya kwanza nilipoona nilisoma mistari minne nikafunga kitabu nikatoka nje kukaa kwenye benchi. Halafu nikarudi, maana kwa Wamarekani weusi wengi ule mstari ndo sehemu pekee jina la babu limeandikwa, sensa ya 1850 na ya 1860 zilihesabu watumwa bila kuwaandika majina. Baada ya 1865 vitabu vya ndoa vinaanza kujaa, watu waliokuwa wameishi pamoja miaka 20 wanakuja kuandikishwa, wengi kaunti zikawawekea vitabu vyao tofauti. Vitabu vingine vimeshahamishiwa kwenye hifadhi ya jimbo au viko kwenye mikrofilamu, na kopi wanatoza kwa ukurasa, beba noti ndogo ndogo. Kalamu ya wino acha, tumia penseli.

Swali moja usisahau kuuliza popote ulipo: hili jengo ndo lenyewe? Appomattox kule Virginia kila mtu anajua Jenerali Lee wa wale Confederate alijisalimisha kwa Grant, jenerali wa upande wa pili, tarehe 9 Aprili 1865 kwenye korti, na sio kweli, Appomattox Court House ni jina la kijiji, walikutana sebuleni kwa mtu anaitwa McLean. Korti yenyewe iliungua 1892 na hiyo unayoiona imejengwa upya miaka ya 1960. Na ya Postville, Illinois, ambayo Abraham Lincoln alitetea kesi akiwa wakili, ile ya asili Henry Ford aliinunua akaihamishia Michigan 1929, kwa hiyo inayoonekana Illinois leo ni nakala. Hata Hillsboro, Texas, korti ya 1890, iliungua siku ya mwaka mpya 1993, ndani pakateketea, wakairudisha mpaka ukiiangalia huwezi kujua, labda uguse mbao. Miaka michache baadae, 1999, jimbo likaanzisha mpango wa kusaidia kaunti kukarabati korti zao za kihistoria, na ukiona Texas korti inang'aa kuliko mji wenyewe ujue pengine hela imetoka huko.

Kama uko Dallas na una siku moja ya kazi, ruti yangu ni hii. Waxahachie saa mbili asubuhi wakati jua linapiga yale mawe mekundu, maliza saa nne. Shuka Hillsboro, kama kilomita 55, uone iliyofufuka, ukae na karani kabla hawajaenda kula. Kata kaskazini magharibi mpaka Cleburne, ile ya 1913, ingia ndani moja kwa moja usimame katikati uangalie kioo cha juu, nje unaweza kuiruka. Malizia Granbury, ndogo, ya mawe ya chokaa, ya 1891 hivi, na maduka yamekaa yameizunguka kama watu kwenye moto. Fika kabla ya saa kumi, na ukisikia saa ya mnara inagonga linganisha na simu yako. Zikipishana dakika mbili tatu usimwambie mtu, wanajua.